Wale wa Sura Moja Halafu Haoo

Haya jamani tukae, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo simuongelei steringi, steringi ana vitabu vyake vinene vinamtosha. Nawataka wale wanaopita sura moja halafu haoo, huwaoni tena mpaka kurasa mia tano mbele, na siku moja mwandishi anaamka anawapa kanovela kao peke yao.

Lift kwa mfano. Wasomaji wa Brandon Sanderson, yule mwandishi wa fantasia, mnamjua, katoto kadokozi, njaa haikaishi, kwenye kitabu chake kinene Words of Radiance cha 2014 kanatokea kipande kimoja tu, kanaingia ikulu ya watu kula vya watu, basi. 2016 kakapewa Edgedancer, maneno kama elfu 40, na safari yenyewe inaanza kwa sababu ya ajabu kweli, kuna mji una chapati za maji aina kumi na yeye anataka aonje zote kumi! Nilicheka, ila ujanja uko hapo, Lift akila ndo nguvu zake za maajabu zinakuja, kwa hiyo njaa siyo kichekesho tu, bila njaa hakuna stori. Na huku anawaza tumbo anamfuatilia Nale, yule ambaye kwenye vitabu vinene ni wa kutisha tu, anaua watu huku kibali cha sheria kiko mkononi, humu ndo unamwona analia alipogundua kile alichokuwa anakizuia kimeshatokea.

Sasa hapo ndo nagombana na Sanderson. Jambo zito hivyo unaliweka pembeni? Mtu aliyeiruka Edgedancer anafungua kitabu kinene kinachofuata, Oathbringer ya 2017, anakuta Lift siyo yule, Nale siyo yule, anabaki kujiuliza karuka kurasa zipi. Ni kama umenunua shati halafu vifungo unaambiwa viko duka la pili. Dawnshard ya 2020 nayo hivyohivyo, ya Rysn, yule mfanyabiashara mwenye meli asiyeweza kutembea, ina siri kubwa, naipita haraka maana kuna watu hawajasoma mtanipiga.

Mimi nakipenda kile ambacho wengi walikinunia. The Slow Regard of Silent Things ya Patrick Rothfuss, 2014. Mtu mmoja tu, Auri, binti anayeishi kwenye mahandaki chini ya Chuo, hakuna mtu wa kuongea naye, hakuna upanga, siku saba anamsubiri mgeni wake na anahangaika kila kitu kikae mahali kinapotaka kukaa, gia ya shaba, chupa, blanketi, halafu anatengeneza sabuni kurasa nane. Nane! Mwandishi mwenyewe anakuonya dibajini kwamba huenda usitake kukinunua.

Mara ya kwanza nilikiacha mapema tu, nikasema hiki nini. Nikakirudia wiki niliyolala na malaria, niko kitandani naangalia kikombe mezani, kikikaa upande nakereka mpaka niinuke nikigeuze, ndo nikamwelewa yule binti. Kwenye vitabu vinene vya Rothfuss Auri unamwona kwa macho ya Kvothe, steringi wao, na Kvothe anamwonea huruma, anamletea chakula, yeye anamrudishia vizawadi vya ajabuajabu na wewe unatabasamu unaendelea. Humu unaona mshumaa mmoja tu umemla siku ngapi na umemtoa jasho kiasi gani. Ukirudi kitabu cha kwanza huwezi tena kumwonea huruma, unaona aibu kidogo kwamba ulimwonea.

Na asiyekisoma hajapoteza kitu, stori kubwa inaenda bila yeye kukwama. Ndo kipimo changu hicho, kanovela kampe msomaji ziada, kasimdai.

Dada pale mbele unanyoosha mkono, najua unataka kuuliza kitabu kinene cha tatu cha Kvothe kinatoka lini. Cha pili kilitoka 2011 dada yangu. Niulize kuhusu sabuni.