Mawe 15 ya Ryoanji

Ahsanteni kwa kufika. Leo sikuleta picha ya bustani iliyochorwa ikafanana na bustani. Hizo zimejaa kwenye kalenda. Tutawatazama wasanii wawili waliofika hekalu la Ryoanji, mjini Kyoto, Japani, wakaondoka na kanuni ya kufanyia kazi.

Pahala penyewe ni uwanja wa mstatili, kokoto nyeupe zimechanwa kwa reki, na ndani yake mawe 15. Mgeni hukaa barazani, na popote akaapo jiwe moja humpotea nyuma ya jingine. Akihesabu anapata 14.

David Hockney, Mwingereza, alikwenda Februari 1983 na kamera. Ukipiga picha ukiwa umesimama mahali pamoja, kingo za uwanja hukaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Yeye akatembea ukingoni akipiga picha hatua kwa hatua, kisha akazibandika pamoja. Mstatili ukabaki mstatili, na pale chini mnaiona miguu yake mwenyewe ndani ya soksi. Wapo wanaosema miguu inavunja utulivu wa hekalu. Mimi nasema bila miguu ile tungebaki na ujanja mtupu. Ndiyo inayotuambia kwamba mtu alipita hapa.

Sasa John Cage, Mmarekani, ambaye wengi mnamjua kwa muziki. Bustani aliiona mwaka 1962, lakini alianza kuifanyia michoro mwaka huohuo wa 1983. Alichukua mawe yake 15, akawa analaza jiwe juu ya karatasi na kulizungushia penseli. Pa kuliweka hakuchagua yeye. Aliuliza I Ching, kitabu cha ramli cha Kichina. Hata penseli zilipigiwa kura, tangu laini nyeusi tititi hadi ngumu ambayo mstari wake ni wa kuukodolea macho.

Majina ya kazi hizo ni hesabu: R, herufi ya Ryoanji, ni 15, idadi ya mawe. Kwenye bamba moja la shaba alifika R kipeo cha tatu, yaani 15 mara 15 mara 15, mizunguko 3,375 iliyochorwa kwa sindano. Sogeeni muione. Jicho likishika mzingo wa jiwe moja, mawe jirani yanaukata kabla haujafunga.

Najua kuna mtu ataniuliza: ikiwa kura ndiyo iliyopanga, msanii alifanya nini? Alichagua mawe, akatunga maswali ya kuipelekea ramli, na majibu yote akayatii, hata yale yaliyorundika mawe mahali pamoja. Kama hilo halitoshi kuitwa kuchora, nyoosha mkono tubishane.