Fangasi ukeni sio kesi ya polisi

Haya tukae jamani, na nyie mnaochekana huko nyuma nawaona. Leo nasema uke, sisemi "huko chini", maana binti asiyejua kukitaja kiungo chake ataelezaje kinachomsumbua?

Hii stori wengine mmeshaichoka, mtanivumilia. Niliwahi kuletewa binti wa miaka 15, mama kakaa pembeni kanuna. Mtoto anawashwa wiki ya tatu hajamwambia mtu, kila akiwashwa anakimbilia bafuni anajisugua na sabuni mpaka ndani, mara nne mara tano kwa siku, kachubuka hadi akikojoa machozi yanamtoka. Na siku mama amegundua, unadhani aliuliza unaumwa wapi mwanangu? Aliuliza "umelala na nani?" Hajalala na mtu! Alikuwa ametoka kumaliza dozi ya antibayotiki za tonsesi, basi. Zile dawa haziulizi nani mbaya nani mzuri, zimefagia mpaka bakteria walinzi wanaoufanya uke uwe na asidi yake, sasa huyu fangasi kandida, ambaye wengi wetu tunaye tu katulia, kaona nyumba haina mlinzi akajaa. Halafu sabuni nayo ikaja kuchochea moto.

Najua kuna baba hapo anasema moyoni, mkiwaambia haya mnawafundisha ngono. Mzee wangu, wanawake kama 3 kati ya 4 watapata hii kitu angalau mara moja maishani, na bikira yumo. Kwani ukimfundisha mtoto kupiga mswaki umemfundisha kung'ata watu?

Muda unaenda. Ute kubadilika badilika ndani ya mwezi ni kawaida, usijitie wasiwasi. Fangasi unawasha, uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, harufu kali hamna. Ukisikia shombo ya samaki hiyo ni ishu nyingine na dawa yake nyingine, ndo maana nakataa habari za kuazima dawa ya shoga yako, nenda upimwe kwanza. Ikikurudia mara 3 au zaidi kwa mwaka waambie wakucheki na sukari. Vitunguu saumu viacheni jikoni, msiviweke ukeni. Chupi za pamba, usishinde na nguo mbichi, uke wenyewe nje maji tu yanatosha, ndani unajisafisha.

Haya maswali. Wewe dada uliyenyoosha mkono ukashusha, nyoosha tena.