Aliimba Miaka 16 na Bado Mnamwita Mgeni

Haya, mnanisikia huko nyuma? Hii maiki naona inakoroma kidogo ila twende nayo hivyohivyo. Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu Skid Row, ile bendi ya roki ya Marekani, na kabla hata sijafungua mdomo kuna kijana hapo mbele kashaniuliza, "Bro, Sebastian Bach anarudi lini?" Yaani mwimbaji wao wa zamani. Mdogo wangu, tangu 1996 watu wanauliza hilohilo. Leo hata sikuja kumwongelea yeye, nimekuja kumwongelea Johnny Solinger aliyeimba baada yake, ila najua bila kuanza naye hamtonisikiliza.

Basi tuanze na posta. Nilikuwa na posta ya Bach ukutani, nywele za dhahabu mpaka kifuani, suruali ya ngozi imebana kinoma, siku moja mama kaingia kuchukua ndoo akasimama akaitazama weee, halafu akaniuliza huyu dada mchumba wa nani. Nikamwambia mama huyo mwanaume. Akabeba ndoo yake akaondoka, hakusema kitu, na kile kimya ndo kiliuma. Glamu metali, ile roki nzito ya kujiremba, ndo ilikuwa hivyo, wanaume wanajipamba kuliko bibi harusi, wanja, makopo ya sprei ya nywele, ingawa Skid Row kiukweli walichelewa kuingia kwenye hiyo sherehe, wao walikuwa wachafuwachafu zaidi, jinzi na ngozi na mnyororo, Rachel Bolan alikuwa na mnyororo kutoka puani mpaka sikioni. Na Rachel naye ni mwanaume jamani, anapiga besi, tusirudie ya mama.

Huyo Bolan na Dave Sabo, yule wanayemwita Snake, ndo walianzisha bendi 1986 kule Toms River, New Jersey. Snake alikuwa rafiki wa utotoni wa Jon Bon Jovi, staa mkubwa wa roki, kwa hiyo milango ilifunguka, hilo tusidanganyane. Walikuwa na mwimbaji mwingine kwanza, Matt Fallon, huyo tumpite. Bach wakampata 1987 na alipatikana harusini, yaani kwenye harusi ya mpiga picha mmoja maarufu wa roki, Mark Weiss, dogo kapanda kuimba hajafika hata miaka 20, kazaliwa Bahamas kakulia Kanada, mrefu kama mnazi na koo lile.

Januari 1989 albamu ya kwanza ikatoka, na Marekani peke yake ikaja kupewa platinamu mara tano, yaani nakala milioni tano. Sasa nendeni mkaisikilize 18 and Life kwa hedfoni nzuri, msiiskilize kwenye daladala. Wimbo wa kijana anayeua mtu kwa bunduki akafungwa maisha. Bach anaanza chini kabisa, kama mtu anakusimulia msibani asisikike na wafiwa, gitaa linadondoka toni moja moja, na hapandishi, anakubania, mpaka kiitikio ndo anafungua na hata hapo anajua bado kuna ngazi ya juu hajaikanyaga, anaiweka ya mwishoni. Ule wimbo ulifika namba 4 Marekani, I Remember You ikafika namba 6, na 1991 albamu ya pili, Slave to the Grind, ikaingia chati namba 1 wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza! Na ilikuwa nzito kuliko ile ya mwanzo, wanja wote umefutwa.

Hapa sasa ndo pointi yangu. 18 and Life nani kaandika? Bolan na Snake. I Remember You? Bolan na Snake. Youth Gone Wild? Haohao wawili. Bach ana tattoo ya Youth Gone Wild mkononi, wimbo alioukuta umeshaandikwa. Simshushi, koo lile hakuna duka linaliuza, nasema tu kwamba sisi mashabiki tulimpa mwimbaji sifa zote za wimbo hata zile za mwandishi. Na ukishampa mwimbaji sifa zote, lawama zote nazo utampa mwimbaji. Ndo lililomkuta Johnny Solinger.

Mwisho wa 1996 walikosana na Bach, kisa kinavyosimuliwa ni kwamba yeye alitaka bendi ikafungue shoo ya Kiss, bendi kongwe ya roki, na wenzake hawakutaka, maneno yakawa makali, basi, kwaheri. 1999 wakamchukua Solinger, mtu wa Texas. Na mwaka 2000 wakaenda kufungua shoo za nani? Kiss! Ile ziara yao waliyoiita ya kuaga. Yaani kitu kilichowagombanisha ndo kikawa kazi ya kwanza kubwa ya mgeni, fikiria umeolewa halafu fungate unapelekwa nyumba aliyoitaka mke wa kwanza.

Sauti yake haikuwa ya Bach, nakubali, ilikuwa na vumbi la Texas, ile ya mtu anayeweza kuimba kantri na kweli alikuja kuimba kantri. Zile noti za juu alikuwa anazizunguka. Lakini albamu zake na bendi, Thickskin ya 2003 na Revolutions per Minute ya 2006, zile nyimbo zilizopwaya, kaandika nani? Si walewale wa 18 and Life? Thickskin kuna kitu wamekiita I Remember You Two, wameuchukua ule wimbo wa mapenzi wakaukimbiza kama wamechelewa basi, na aliyetukanwa ni Solinger. Mwaka wa 16 unafika, 2015, wakaachana naye. Bach kakaa miaka 9 hivi. Huyu kakaa 16, na akafa Juni 2021 kwa maradhi ya ini, ana miaka 55, na hata siku ile kuna watu waliandika "yule wa baada ya Bach".

Sisi tuliokulia kwenye dansi tuna roho gani bana? Mwimbaji anatoka Msondo anaenda Sikinde, tunanuna wiki mbili halafu tunarudi ukumbini tunacheza, mbona Solinger hatukumsamehe?

Waliofuata nitakimbia. Tony Harnell, 2015, hakumaliza mwaka. ZP Theart, mzaliwa wa Afrika Kusini, huyo wa kwetu, alitoka bendi ya metali ya DragonForce, akakaa miaka kadhaa na hawakumpa hata albamu moja ya studio, hilo linaniuma mpaka leo. Halafu 2022 akaja Erik Grönwall, Mswidi, na hapa nanyamaza kubishana. Huyu 2009 alienda kufanya usaili wa Idol, lile shindano la kuimba la TV, kwao Uswidi akaimba 18 and Life, akashinda shindano zima. 2021 akagundulika na saratani ya damu, akapandikizwa uboho, mwaka uliofuata yuko steji na bendi yenyewe anaimba wimbo uleule wa usaili. Albamu yao The Gang's All Here ni nzuri, na sababu mojawapo, tafadhali sikieni, ni kwamba safari hii Bolan na Snake waliandika nyimbo za maana! Machi 2024 akaondoka, afya na ziara haviendani. Lzzy Hale, mwimbaji wa bendi ya Halestorm, akawasaidia shoo nne, mwanamke wa kwanza kusimama pale, na mama angekuwa hai ningemwonyesha, nimwambie huyu sasa ndo dada kweli.

Haya, nimebakiwa na dakika tano, maswali baadaye. DJ, niwekee wimbo wowote wa Thickskin, usiweke ile I Remember You Two, weka mwingine. Na kijana wa mbele, toa simu, sikiliza koo tu, usimtafute Bach humo.