Muage Mtoto Wako Getini

Wazazi wenzangu, walezi, na bibi zetu mliokuja na wajukuu mgongoni: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Najua kuna waliofunga genge Jumamosi hii ili wawe hapa. Ahsanteni sana.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe Januari, wiki ya kwanza ya shule. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minne. Mtoto akavutiwa na bembea. Mama akaona hiyo ndiyo nafasi, akapita nyuma ya jiko la uji, akaondoka. Mtoto alipogeuka, mama hayupo. Hakulia sana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikwenda kukaa getini, kiatu kimoja mkononi, mpaka saa nne. Uji hakuugusa. Wiki nzima iliyofuata hakukubali kupanda bembea. Kwa hesabu yake, bembea ndiyo iliyomchukua mama.

Yule mama hakuwa na nia mbaya. Wengi wetu tumewahi kumtoroka mtoto kwa kuogopa kilio chake. Lakini kilio cha kuagana hupita. Mtoto aliyetorokwa hubaki na mashaka, kwamba akigeuza shingo tu, mtu wake anaweza kutoweka. Muage. Mwambie utarudi lini, kwa saa anayoijua yeye: "Ukishakunywa uji, mkacheza, mkaimba, mama huyo hapo." Halafu urudi kweli.

Desemba 2021 nchi yetu, Tanzania, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto mpaka miaka 8. Humo, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi, limo jambo linaloitwa malezi yenye mwitikio. Chanjo tunazijua, lishe tunaijadili mpaka kliniki. Hili la mwitikio tunalipita mbio, na wala halihitaji hata shilingi. Mtoto anatoa ishara, wewe unaisoma, unamjibu.

Na lugha yetu imetupa vifaa vya kumjibu. Sikilizeni: kununa, kususa, kudeka, kuona haya, kuona kijicho, kufadhaika. Kila mtu humu anajua kwamba aliyenuna siye aliyesusa. Maneno haya tunayatumia kumsema mtoto: "Lione, limenuna!" Mimi naomba tumpe yeye ayatumie.

Darasani kwangu palikuwa na kijana mdogo aking'ata wenzake. Kila aking'ata namshika mkono, "Omba msamaha." Anasema samahani vizuri kabisa, kesho anang'ata tena. Nilichelewa kuelewa kosa langu: nilimpa neno la kutumia baada ya meno, sikumpa la kutumia kabla. Nikabadilika. Nikawa nachuchumaa, macho yetu yanalingana, namwambia, "Umekasirika. Amekunyang'anya gari lako la kopo na hujamaliza kucheza. Kung'ata kunaumiza. Mwambie, bado nachezea." Nilirudia siku nyingi, kuna siku nilikata tamaa. Asubuhi moja nikasikia sauti kutoka kwenye mchanga, karibu ipasue bati: "Nimekasirika! Bado nachezea!" Meno hayakutumika. Niliacha rejista mezani nikaenda kumkumbatia.

Akina baba, hapa nawasemesha nyinyi. "Mwanaume halii" tunaanza kumwambia mtoto wa kiume kabla hajafika miaka mitano. Uchungu wake haujaenda popote, ila sasa hana wa kumpelekea.

Kujizuia nako kuna shule yake, nayo ni mchezo. Mnaukumbuka ule wa nyama? Kiongozi akitaja ng'ombe, mbuzi, kuku, wote wanaruka. Akitaja paka, aliyeruka anatoka. Mtoto wa miaka mitatu anaruka tu, mwili unamtangulia. Wa miaka sita utamwona amekunja magoti, ameshajiandaa, halafu anajishika. Pale pale anafanya kazi kubwa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu amevuka miaka 20. Basi tusimchape wa miaka minne kwa kukosa kitu ambacho bado kinajengwa. Tumpe wenzake acheze nao, tena kila siku, uani, kwenye vumbi. Simu tunayompa ili atulie haimnyang'anyi gari, haimwambii asubiri zamu yake, haigombani naye wala haipatani naye.

Jumatatu nitakuwa getini saa moja na nusu, kama kawaida. Atakayelia nitamwacha alie, mkono wangu ukiwa mgongoni mwake. Wewe chuchumaa, mtazame, muage, uende. Usipitie jikoni.