Zege Huliwa Darini

Naona kule nyuma mtu anatabasamu. Alinisikia mwaka jana. Vumilia ndugu yangu, mwenzako hajasikia.

Bomba la majitaka la zege likiharibika, huanzia wapi? Chini, mnasema. Hapana! Chini, majitaka yanapopita, mara nyingi zege ni zima. Linalokwisha ni dari, ambako majitaka hayafiki. Niliwahi kushika kipande cha dari hiyo: cheupe, laini kama chaki iliyolowa. Nilikikwangua kwa kijiko cha chai.

Fuateni harufu. Kwenye utelezi wa chini hakuna oksijeni, kwa hiyo bakteria wa huko wanapumua salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo majitakani, na kutoa hidrojeni salfaidi, gesi ile ya yai viza. Gesi inapanda. Juu kuna unyevu na hewa, na kundi la pili linasubiri: linaila gesi na kutoa asidi ya salfuriki. Ndiyo, ile ya betri ya gari. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi; hawaliwezi. Gesi zenyewe huishusha polepole hadi kama 9, wanaingia bakteria wa kwanza, kisha wale wapenda asidi, mpaka uso wa zege unafika 2, hata 1. Chokaa yote imekuwa jasi. Mtafiti C. D. Parker aliwatenga bakteria hawa kwenye mabomba ya Melbourne, Australia, akaandika mwaka 1945. Elfu moja mia tisa arobaini na tano!

“Mkandarasi alichakachua saruji,” anasema mmoja hapo. Najua, ndiyo rambirambi yetu kwa kila bomba. Pengine alichakachua kweli. Lakini saruji mbovu ingemomonyoka pande zote. Hii imechagueje dari? Tazameni mteremko wa bomba. Majitaka yakilala njiani, tena kwa joto letu hili, mmewapikia bakteria. Basi mnapotaka kujenga upya kwa mteremko uleule na zege lilelile, bila hata kulivisha bomba plastiki ndani, msiniite.

Na msimshushe kijana kwenye chemba ya majitaka kwa kuwa “harufu imeisha.” Gesi hiyo ikizidi, pua hufa kabla ya mwenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, vijidudu vingine kwa kifupi. Titanic, ile meli iliyozama: kwenye kutu yake walipatikana bakteria wakaitwa Halomonas titanicae, 2010, someni wenyewe. Matangi ya dizeli: kuvu huishi pale mafuta yanapokutana na maji, kwa hiyo fungueni koki ya chini, maji yatoke. Chuma cha baharini tutakiacha.

Maswali? Wewe wa saruji, anza.