Mafuta, moto wa mwili na tezi ya shingoni

Haya jamani karibuni, mliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Leo tunaongelea jinsi mafuta ya mwilini yanavyohusika na kansa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Naanza na neno moja linalotuchanganya sana sisi wa Kiswahili, neno uvimbe. Ukijikata kidole kikavimba tunasema uvimbe, daktari akikuta kitu kigumu shingoni naye anasema una uvimbe, mtu anatoka pale hajui kama ni kitu cha kupona wiki ijayo au ni kansa. Kwa hiyo leo tutenganishe. Ile hali ya mwili kupigana, joto, wekundu, maumivu, kuvimba, nitaiita inflamesheni au moto wa mwili, na kile kinachoota nitakiita kinundu.

Moto wa mwili wenyewe sio adui. Unajikata, seli nyeupe zinakimbilia pale, zinamwaga kemikali, zinaua vijidudu, zinasafisha, zinaondoka, moto umezimika. Shida ni ule usiozimika, unaofukuta chini chini kama kaa ndani ya majivu, huna homa, huumwi popote, ila ukipima damu unakuta protini inaitwa CRP, inayotengenezwa na ini, ipo juu kidogo mwaka baada ya mwaka. Mjerumani mmoja mtaalamu wa magonjwa, Rudolf Virchow, mwaka 1863 alishasema kansa inapenda kuota pale penye moto wa muda mrefu, na leo tunaona ni kweli, angalia hepataitisi B na C zinavyochoma ini miaka mingi mpaka linaota kansa.

Sasa mafuta ya mwilini yanaingiaje hapo? Zamani tulidhani mafuta ni akiba tu, mzigo uliokaa stoo unasubiri njaa. Mwaka 1994 ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe, na hapo ikawa wazi kwamba mafuta ni kiungo kinachoongea na mwili mzima. Seli ya mafuta ikijaa kupita kiasi damu haiifikii vizuri, nyingine zinakufa, na zikifa zinakuja seli za ulinzi zinaitwa makrofaji zinazizunguka kama watu waliozunguka ajali barabarani, na zikiwa pale zinamwaga kemikali za moto, TNF-alfa, interlukini 6, usiku na mchana. Wakati huohuo adiponektini, homoni ya kutuliza, inashuka. Halafu insulini, hii watu wanadhani ni ya sukari tu, hapana, insulini ni amri ya kukua pia, na mwili ukishakuwa sugu kwake kongosho linaitoa nyingi zaidi, na seli za thairoidi nazo zina vipokezi vyake. Ongeza TSH, homoni ya kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoiambia thairoidi kazana, kua, ambayo kwa wenye uzito mkubwa mara nyingi ipo juu kidogo. Ongeza estrojeni inayotengenezwa kwenye mafuta, na mjue wanawake wanapata kansa ya thairoidi karibu mara 3 ya wanaume.

Yaani piga picha seli moja kwenye hiyo tezi ndogo ya gramu kama 20 tu, umbo la kipepeo, hapa chini ya kikoromeo, inapigiwa kelele kua, kua, kutoka kila upande. Kila ikigawanyika inanakili DNA yake, na kila kunakili kuna nafasi ya kukosea.

Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon lililo chini ya WHO, lilitangaza kwamba unene uliozidi unahusika na kansa 13, na ya thairoidi imo. Watu wakisikia hivyo wanaogopa, wengine wanaanza kujinyima kula mpaka wanaanguka. Ngoja kwanza, tuangalie ukubwa wake. Kwa kansa ya ukuta wa mfuko wa uzazi, wenye unene wa juu kabisa hatari yao inafika mara 7. Kwa thairoidi hatari inaongezeka kama asilimia 10 hivi. Asilimia 10 ya nini? Marekani wanakadiria kati ya watu 1000 kama 12 watakutwa nayo maishani, sasa ongeza asilimia 10 kwenye 12, unapata 13 na kidogo. Huyo mmoja ni mtu, ana watoto, simdharau hata kidogo, ila ndio ukubwa wenyewe. Mionzi utotoni ni jambo zito zaidi, waliokuwa watoto karibu na Chernobyl mwaka 1986 walikunywa maziwa yenye ayodini ya mionzi na maelfu wakaja kuugua thairoidi.

Na kuna hili la kupima. Korea Kusini walianza mpango wa kupima kansa mwaka 1999, ultrasaundi ya shingo ikawa ya kuongezea kwa bei ndogo, kufika 2011 waliokutwa na kansa ya thairoidi walikuwa mara 15 ya mwaka 1993, ila vifo havikubadilika. Vinundu vidogo ambavyo vingekaa kimya mpaka uzeeni vilikatwa, na watu wakabaki wanameza dawa ya homoni maisha yao yote. Ndio maana sisemi mkapigwe ultrasaundi nyote kesho.

Dada pale umeuliza kama thairoidi ndio imekunenepesha. Ikilegea inaongeza kilo chache tu, 2 mpaka 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Na ujue wengi wenye kansa hii homoni zao zinasoma sawa kabisa, kwa hiyo kipimo cha damu kuwa kizuri hakimaanishi kinundu ni salama.

Ila kinachoniuma ni hiki. Kuna mama aliniambia alikwenda kulalamika ana kitu shingoni, akaambiwa punguza uzito kwanza, shingo yenyewe hakuna aliyeigusa. Shingo nene ni ngumu kupapasa, hiyo ni sababu ya kuangalia kwa makini zaidi, sio ya kumrudisha mtu nyumbani. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza maji, ukiona kitu kinapanda na kushuka pamoja na kikoromeo, au sauti imekauka wiki 3 bila mafua, au kumeza kunasumbua, nenda. Ukiambiwa ni unene tu, sema sawa, uzito tutauongelea, ila naomba kwanza shingo yangu ipimwe.