Nati Moja Ikikosekana Kwenye Gurudumu

Zuhura: Karibuni wasikilizaji. Leo tunalo swali ambalo madereva wengi hulijibu wenyewe kwa kukisia: gurudumu likipoteza nati moja, je, gari linaweza kuendelea na safari? Kaka Hamisi, wewe ni fundi wa magari, kwa hiyo naomba jibu fupi kabla ya lile refu.

Hamisi: Jibu fupi, dada Zuhura, ni kwamba gari litatembea, na hatari yenyewe imejificha papo hapo, kwa sababu gurudumu lililopungukiwa nati moja kati ya tano mara nyingi halitoi ishara yoyote ambayo dereva ataihisi kwenye usukani siku hiyo. Dereva hufika salama, huamua kwamba nati ile ilikuwa ya ziada, na nne zilizobaki huanza kubeba kazi ambayo hazikupangiwa.

Zuhura: Lakini Citroën 2CV, lile gari dogo la zamani la Kifaransa, ilikuwa na nati tatu tu kwa kila gurudumu, na magurudumu ya magari ya mashindano ya Formula 1 hufungwa kwa nati moja ya katikati. Msikilizaji akisema kwamba nne zinatosha, utamjibuje?

Hamisi: Nitamjibu kwamba idadi peke yake haithibitishi chochote. 2CV ni gari jepesi, na studi zake tatu, yaani vile vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati hufungwa juu yake, zilipigiwa hesabu ya uzito huo. Nati ya Formula 1 nayo ni kubwa, hukazwa kwa nguvu iliyozidi mno ile ya gari la kawaida, na ipo pamoja na kizuizi kingine cha kuizuia isitoke hata ikilegea. Aliyesanifu gari la nati tano alihesabu zote tano zikiwa zimekazwa, kisha akaweka akiba kwa ajili ya mashimo ya barabarani na breki za ghafla. Akiba hiyo hakumwekea mwenye gari anayeona uvivu kununua nati.

Zuhura: Wengi tunadhani kwamba gurudumu limening'inia kwenye studi, kama vile koti kwenye msumari.

Hamisi: Sivyo, na ukilielewa hili mengine yote yanafuata. Unapokaza nati, studi huvutika kidogo sana, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake huivuta rimu na kuibana juu ya uso wa habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito wa gari, nguvu ya breki na msukumo wa kona. Studi hazikukusudiwa kupokea mapigo ya ubavuni. Mbano ukipungua, rimu huanza kuteleza kwa kiasi ambacho jicho halikioni, matundu yake hupanuka yakawa kama yai, na kila mzunguko huikunja studi kidogo huku na huku. Gurudumu la gari dogo huzunguka takriban mara 500 katika kilomita moja, na chuma kinachokunjwa hivyo huchoka, hupata ufa, kisha hukatika. Ikikatika ya kwanza, jirani zake hurithi mzigo, na hizo hazichelewi kuifuata.

Zuhura: Kwa hiyo gari la nati nne limo hatarini zaidi kuliko la sita?

Hamisi: Ndiyo, kwa kuwa moja kati ya nne ni robo nzima ya mbano. Mahali pia pana uzito wake: nati mbili zinazokosekana zikiwa zimepakana ni mbaya kuliko mbili zinazoelekeana, kwa sababu upande mmoja wa rimu hubaki bila kushikwa.

Zuhura: Basi nimesimama kando ya barabara na nimeona pengo. Nifanye nini?

Hamisi: Kwanza tafuta sababu. Ikiwa studi ipo nzima na nati imedondoka, jaribu nyingine zote kwa spana, kwa maana iliyoangusha moja huenda imezilegeza zote. Zikaze, kisha nenda polepole hadi gereji iliyo karibu. Ikiwa studi imekatika, zile za jirani nazo hushukiwa. Kwa malori, utaratibu uliozoeleka ni kwamba ikikatika moja hubadilishwa pamoja na mbili zinazopakana nayo, na zikikatika mbili au zaidi hubadilishwa zote, nami sioni ubaya wa kufuata utaratibu huo kwa gari dogo. Rimu ambayo matundu yake yamepanuka haifai tena.

Zuhura: Na ile mbinu ya kuazima nati moja moja kutoka magurudumu mengine? Naona kama ni kuusambaza ugonjwa.

Hamisi: Unausambaza kweli, lakini kwa gari la nati tano, gurudumu lililobakiwa na nati moja linaweza kuchomoka, ilhali magurudumu manne yenye nati nne nne yanaweza kukufikisha gereji kwa mwendo mdogo. Gari likiwa limesheheni, au njia ikiwa ya mwendo kasi, mimi ningeita gari la kuvuta.

Zuhura: Tukishapata nati mpya, kuna la kuzingatia?

Hamisi: Yapo. Nati iwe na nyuzi zilezile na kitako kilekile, yaani ile sehemu inayogusa rimu, kwa maana nati ya kitako bapa kwenye tundu la umbo la koni hugusa sehemu ndogo tu na italegea. Safisha kutu na rangi kati ya rimu na habu. Usipake mafuta kwenye nyuzi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza, kwa sababu nguvu ileile ya spana itaivuta studi kupita kiasi. Kaza kwa kuvuka upande hadi upande, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa magari mengi madogo hukaribia nyutoni-mita 100, na umalizie kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, si kwa mashine ya upepo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zipime tena zote.